Kumbukumbu ya barafu imo matopeni

Barafu anayoijua mkulima wa Nyansiongo ni ile ya mvua ya mawe. Huja alasiri, mawingu yakiwa yamejikusanya upande wa Ziwa Viktoria, na kwa dakika chache tu machipukizi ya chai yamepukutika, majani ya migomba yamechanika vipande vipande na vijia vya shambani vimekuwa vyeupe. Kesho yake wachumaji hawana cha kupeleka kituoni. Barafu yenyewe haisubiri hata jioni, inayeyuka na kuacha hasara.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Kisii au Nyamira kwamba nyumbani kwake ni sehemu ya historia ya enzi ya barafu, atakutazama kwa shaka, na ana haki yake. Vilima vya Gusii havikubeba barafu ya kudumu hata pale dunia ilipokuwa katika baridi yake kali, miaka 20,000 hivi iliyopita. Vile virefu kabisa vinapita mita 2,000 kwa kiasi kidogo tu, na barafu ya kudumu huhitaji kilele cha kuzalia, mahali ambapo theluji ya mwaka huu huikuta ya mwaka jana haijaisha. Hata hivyo baridi ile ilitufikia. Ilishusha misitu ya milimani, ikachangia kukausha ziwa tunalolitazama kutoka ukingo wa Manga, na ikaacha ushahidi wake katika matope ya aina ileile ambayo leo tunayachimba kufyatulia matofali. Namna historia hiyo ilivyounganishwa, kipande kwa kipande, kwa zaidi ya karne moja, inastahili kujulikana huku kwetu kama inavyojulikana Naro Moru au Chogoria, miguuni pa Mlima Kenya.

Ilianza kwa ubishi. Mnamo 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliripoti kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Johann Ludwig Krapf akiwa Kitui aliuona Mlima Kenya, ambao Kivoi, kiongozi wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, alikuwa amekwisha kumweleza habari zake. Huko London, msomi William Desborough Cooley alikataa katakata. Theluji kwenye ikweta? Aliona haiwezekani. Wagikuyu, Waembu, Wameru na Wakamba, waliokuwa wakiuona weupe ule kila asubuhi mawingu yanapofunguka, hawakuulizwa na mtu.

Aliyegeuza ubishi huo kuwa sayansi ni mwanajiolojia John Walter Gregory, ambaye jina lake limebaki kwenye Bonde la Ufa. Mwaka 1893 alipanda Mlima Kenya na wapagazi wa Kizanzibari, watu wa pwani ambao hawakuwahi kukutana na baridi ya namna ile. Anasimulia katika kitabu chake cha 1896 kwamba asubuhi moja walimjia wakiwa na hofu: maji waliyoyaacha sufuriani usiku yamerogwa, yamekuwa meupe na hayatikisiki. Ni maji yaliyoganda. Gregory aliendelea kupanda hadi kwenye mto wa barafu, akaupa jina la Lewis kwa heshima ya mwanajiolojia wa Marekani, Henry Carvill Lewis, aliyekuwa bingwa wa kusoma njia za barafu ya kale. Lakini jambo kubwa aliloliona halikuwa barafu yenyewe. Chini kabisa ya mahali ilipokomea, aliona matuta ya mawe na miamba iliyosuguliwa, akatambua kwamba zamani barafu ilikuwa imefunika eneo kubwa mara nyingi kuliko lile alilolikuta. Matokeo yake aliyachapisha 1894.

Atakaye kuona alichokiona Gregory apande leo kwa njia ya Naro Moru. Ukishamaliza mianzi na kile kinamasi cha mteremko kinachochosha kila mpandaji, unaingia Bonde la Teleki, na hapo umbo la nchi linabadilika. Mabonde yetu ya Gusii yamechimbwa na mito, ndiyo maana ni membamba chini na pande zake zinakaribiana. Bonde la Teleki ni pana chini, pande zake zimesimama, kwa sababu lilikwanguliwa na kitu kizito kilicholijaza ukingo hadi ukingo. Ubavuni kuna matuta marefu. Ukichimbua kidogo kwenye tuta hukuti mpangilio wowote: jiwe la ukubwa wa nyumba limelala kando ya changarawe, na changarawe imezama ndani ya unga wa mawe. Maji hupanga mizigo yake, mawe makubwa hubaki juu ya mto na mchanga huenda mbali. Barafu husukuma vyote pamoja kama tingatinga na kuviacha pale inapoishiwa nguvu. Matuta hayo ndiyo moreni, na kwenye Mlima Kenya yanashuka hadi karibu mita 3,200, na yale ya zamani zaidi hata chini ya hapo. Barafu ya leo iko juu ya mita 4,500.

Alama kama hizo ziko pia mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona barafu. Ziko Satima, kilele cha safu ya Aberdare, na ziko Elgon, mlima ambao historia simulizi ya Abagusii inautaja katika safari ya mababu kabla hawajafika Kano, Kabianga na hatimaye vilima hivi. Elgon ina urefu wa mita 4,321, na kuta za kasoko yake zina mashimo ya mviringo yaliyochongwa na barafu iliyokwisha zamani sana. Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mambo yalikuwa makubwa zaidi kwa sababu mvua ni nyingi: katika bonde la Mubuku barafu ilishuka hadi mita 2,000 na kitu, urefu unaokaribiana na wa mashamba ya chai ya Nyamira. Habari hiyo hunisimamisha kila ninapoikumbuka. Tofauti ni kwamba Rwenzori ina vilele vya mita 5,000 vya kulisha barafu hiyo kutoka juu. Sisi hatuna.

Swali la lini lilisumbua kuliko la wapi, na hapo ndipo wakubwa wa fani walipopotoka. Katika miaka ya 1920 na 1930, E. J. Wayland nchini Uganda na Louis Leakey nchini Kenya waliamini kwamba Ulaya ilipokuwa chini ya barafu, Afrika Mashariki ilikuwa na mvua kubwa. Erik Nilsson wa Uswidi alipima moreni za milima yetu na fukwe za kale za maziwa ya Bonde la Ufa, akaziunganisha katika hadithi moja: barafu juu, maziwa yaliyofurika chini, kwa wakati mmoja. Vipindi hivyo vya mvua vikapewa majina ya hapa kwetu. Kimojawapo kiliitwa kwa jina la Kanjera, kwenye rasi ya Homa, ng'ambo tu ya vilima vyetu. Kongamano la historia ya kale la Afrika lililofanyika Nairobi mwaka 1947 liliukubali mpango huo, na kwa miaka mingi umri wa mabaki ya binadamu wa kale ulipangwa kwa kuufuata.

Ulianguka baada ya kupatikana saa ya kupimia. Willard Libby wa Chicago alionyesha mwaka 1949 kwamba mabaki ya viumbe yanaweza kupimwa umri kwa kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Fukwe za juu za maziwa ya Nakuru na Elmenteita zilipopimwa kwa njia hiyo, zilionekana kuwa za miaka 9,000 au 10,000 iliyopita, wakati ambapo barafu kubwa ilikuwa imekwisha kurudi juu. Mvua kubwa ilikuja baada ya baridi. Enzi ya barafu yenyewe, kwa Afrika Mashariki, ilikuwa kavu.

Ukavu huo ulikuwa mkubwa kiasi gani? Jibu liko chini ya Ziwa Viktoria. Ziwa hili ni pana sana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini ni kama sinia, kwani kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi tu. Katika miaka ya 1990 timu ya Thomas Johnson ilipima sakafu ya ziwa kwa mawimbi ya sauti na kutoa vipande virefu vya tope kutoka mahali penye kina kirefu. Chini ya tope laini walikuta tabaka gumu la udongo, na ndani yake vijizizi vya mimea vimesimama wima. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya ziwa. Utafiti wao uliochapishwa 1996 ulionyesha kwamba ziwa lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu, na maji hayakurudi hadi miaka kama 15,000 iliyopita. Mamia ya aina za furu walioko ziwani, samaki ambao wanabiolojia wa dunia nzima huwasoma, walitofautiana katika muda mfupi uliofuata.

Kwa Kisii hili si jambo la mbali. Mvua yetu ya alasiri, ile inayofanya chai ya Nyamira ichumwe mwaka mzima, hutegemea sana unyevu unaopanda kutoka ziwani na kugonga miinuko hii. Mito ya Gucha na Sondu huzunguka na kuurudisha ziwani. Ondoa ziwa, na mduara wote unakatika. Mawingu yanayoleta mvua ya mawe Nyansiongo yangekuwa yametokea wapi?

Ziwa jingine, dogo kabisa, lilitoa nusu ya pili ya habari. Kwenye miteremko ya kaskazini mashariki ya Mlima Kenya, ndani ya msitu, kuna ziwa la kasoko liitwalo Sacred Lake, kwenye urefu wa mita 2,350 hivi. Mwanabotania Joanna Coetzee wa Afrika Kusini alichukua tope lake na kuhesabu chavua zilizohifadhiwa humo, tabaka kwa tabaka. Chavua ni vumbi la maua, lakini ganda lake ni gumu ajabu. Likifunikwa na tope lisilo na hewa hukaa makumi ya maelfu ya miaka bila kuoza, na chini ya darubini kila jamii ya mmea ina sura yake. Katika matabaka ya enzi ya barafu Coetzee hakukuta msitu unaozunguka ziwa hilo leo. Alikuta mimea ya juu zaidi, ile ya nyasi na vichaka vya baridi. Mwaka 1964 alitangaza kwamba mikanda ya mimea ya milima yetu ilikuwa imeshuka kwa mamia mengi ya mita.

Miongo mitatu baadaye, Alayne Street-Perrott na wenzake walirudi kwenye tope la ziwa hilohilo na swali jipya. Mwaka 1997 walionyesha kwamba baridi peke yake haikuangusha msitu. Hewa ya enzi ile ilikuwa na hewa ya ukaa kidogo sana, sehemu kama 190 katika kila milioni, wakati leo zimepita 420. Miti ilikuwa na njaa. Nyasi zenye namna ya pekee ya kukamata hewa hiyo zilistahimili na kuchukua nafasi, na wimbi, mtama na mahindi ni ya jamii ya nyasi hizo. Tangu hapo hakuna anayeweza kutazama chavua za mlimani na kusoma joto tu bila kufikiria hewa yenyewe.

Mawe nayo yakapata saa yake. Jiwe likiwa limefunikwa na barafu halipigwi na miale ya angani. Barafu ikiondoka, miale hiyo huanza kutengeneza ndani yake chembe adimu, na ukizihesabu unajua jiwe limekaa wazi kwa muda gani. Mlima Kenya ni wa volkano na mawe yake hayana kwatsi, kwa hiyo Timothy Shanahan na Marek Zreda walitumia klorini-36, na mwaka 2000 wakatoa umri wa moreni za Mlima Kenya na Kilimanjaro. Nyingine ni za baridi ya mwisho, na zile kongwe zinapita miaka 300,000. Rwenzori ina kwatsi, ikafaa berili-10, ambayo hupimwa ndani ya kwatsi. (Manga nayo ina kwatsi tele. Tungekuwa na moreni, tungekuwa maabara bora.) Kazi ya Rwenzori, iliyoongozwa na Margaret Jackson na Meredith Kelly wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere, ilichapishwa 2019 na kuonyesha kwamba barafu ilianza kurudi nyuma kama miaka 20,000 iliyopita, kabla hewa ya ukaa haijaanza kupanda. Joto la kwanza lilikuja kwa njia nyingine, na barafu ya ikweta ililisikia mapema.

Sasa rudisha hesabu hizi Kisii. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Makadirio mengi ya baridi ya enzi ile katika milima yetu yako karibu na digrii 5, na hiyo ni sawa na kuinua nchi nzima kwa mita 800. Mji wa Kisii, ulio kwenye mita 1,700 hivi, ungekuwa na ubaridi wa Molo. Nyamira ingekuwa na baridi zaidi ya hapo, na ukavu juu yake, na nyasi mahali palipokuwa na msitu. Migomba isingeshika. Chai isingefikirika.

Karne chache tu zilizopita watu walionja kipande kidogo cha jambo hili. Historia ya Abagusii aliyoikusanya Profesa William Ochieng' katika miaka ya 1970 inaeleza kwamba walipokaa Kabianga, upande wa Kericho, baridi iliwatesa, mazao yakakataa na mifugo ikafa, hadi wakahama. Hiyo si enzi ya barafu wala haikaribii. Inaonyesha tu jinsi tofauti ya digrii chache kati ya kilima na kilima inavyoweza kuhamisha taifa zima.

Kuhusu barafu iliyobaki nitasema kwa ufupi, maana habari zake ni za huzuni na zinajulikana. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Stefan Hastenrath, aliyeichunguza Lewis kwa miaka mingi, alieleza kwamba kupungua kwa kwanza, mwishoni mwa karne ya 19, kulisababishwa na ukame na anga lisilo na mawingu. Joto lilikuja kukamilisha baadaye. Kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Vipimo vya setilaiti vya 2021 na 2022 vinaipa barafu yote ya Mlima Kenya kilomita za mraba 0.07. Kwa lugha ya shamba hizo ni ekari 17 hivi. Kijiji kimoja cha Kitutu kina ardhi kubwa kuliko hiyo.

Barafu hiyo ikiisha, itaondoka na kumbukumbu ndogo tu, kwani Lonnie Thompson na Hastenrath walipotoboa Lewis walikuta maji ya kuyeyuka yamekwisha kuvuruga matabaka yake. Ile ya Kilimanjaro, iliyotobolewa na timu ya Thompson mwaka 2000, alikadiria kuwa na miaka 11,700, ingawa wapo wanasayansi wanaobishia umri huo. Hata ukiukubali, haifikii baridi kuu. Kumbukumbu ndefu ziko kwenye tope.

Na tope tunalo. Kila bonde la Gusii lina tindiga chini yake, na baadhi ya ardhi hizo chepechepe ni kubwa, kama Sironga katika Kaunti ya Nyamira. Kwa vizazi vingi tulizitumia kwa mafunjo, udongo wa vyungu na malisho ya kiangazi. Ardhi ilipobana, tukachimba mitaro, tukapanda sukumawiki na viazi, kisha mikaratusi inayonyonya maji mchana na usiku, na pembeni yake tanuri za matofali. Simlaumu mtu mwenye robo ekari na watoto wanne shuleni. Lakini tope likikauka, hewa huingia na chavua huoza. Likifyatuliwa tofali, likachomwa, limekwisha.

Kinachoweza kupatikana tayari kimeonyeshwa jirani. Mwaka 2021 Esther Githumbi na wenzake walichapisha historia ya mimea ya takriban miaka 16,000 kutoka kinamasi cha Nyabuiyabuyi, kwenye msitu wa Mau Mashariki, mahali ambapo mito huanzia. Nyabuiyabuyi iko juu, karibu na mita 2,900. Kinachokosekana ni ushahidi kutoka urefu ambao watu wengi wanaishi na kulima, kati ya mita 1,500 na 2,100. Hapo ndipo swali la msitu na nyasi, ziwa likiwa limekauka, linapotuhusu moja kwa moja.

Vifaa vyake si vya kutisha. Chombo kinachotumika zaidi duniani kutoa tope la namna hii kilibuniwa na Daniel Livingstone katika miaka ya 1950. Mwanaikolojia huyo wa Chuo Kikuu cha Duke ndiye aliyechukua tope la Ziwa Mahoma, Rwenzori, na kuchapisha mwaka 1962 tarehe ya kwanza ya kaboni ya kuondoka kwa barafu huko. Ni bomba la chuma na fito za kuunganisha, linabebwa begani na kusukumwa kwa mikono na watu watatu au wanne. Chavua inaweza kuhesabiwa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa, na Chuo Kikuu cha Kisii kina wanafunzi wanaoweza kufika kinamasini kwa matatu. Serikali za kaunti mbili, Kisii na Nyamira, zitenge walau tindiga moja kila upande, kipande kisichofikiwa na mtaro wala mkaratusi, na zifanye hivyo kabla ya kiangazi kijacho, msimu wa kufyatua matofali.